Mtoto wa mbwa ameambiwa moyo una mvumo, mliopitia hili tupeane uzoefu

Mama Kahawa, Kira
Habari zenu wadau. Nimelala vibaya siku mbili sasa acha tu niseme. Nina mtoto wa mbwa wa kike, chotara wa Jamani Shepadi na mbwa wetu hawa wa kienyeji, watoto wamempa jina Kahawa, tumemchukua akiwa na wiki 7. Jumamosi nikampeleka kliniki kwa chanjo ya kwanza, kijana wangu wa P4, darasa la nne, amempakata kwenye boda njia nzima. Daktari akamwangalia masikio, akamminya tumbo, akacheka naye, alafu akaweka stethoskopu kifuani na hapohapo akanyamaza. Akahamia upande wa pili wa kifua. Akarudi upande wa kushoto, karibu na kwapa, akakaa hapo. Kijana wangu akawa ananiangalia mimi usoni.

Akasema mama, moyo wa huyu una mvumo, gredi ya 2 kati ya 6. Akanivalisha mimi hiyo mipira masikioni nisikie mwenyewe. Moyo wa kawaida unagonga tu-ta, tu-ta, wa Kahawa ulikuwa unaenda tu-fyuu-ta, tu-fyuu-ta, kama mtu anapuliza chai ya moto. Na unakimbia, banange! Akasema huyo mbio ni wa umri, watoto wa mbwa moyo unaenda haraka. Akasema pia mivumo midogo hivi kwa watoto wanaokua iko mingi na mingi inaisha yenyewe, chanjo akampa, nimrudishe akiwa na wiki 12 na tena akiwa na wiki 16.

Sasa nimefika nyumbani, jirani mmoja ananiambia mrudishe kwa mwenyewe akupe mwingine, mwingine anasema huyo Krismasi haioni. Watoto wamesikia. Kahawa mwenyewe anakula, anaiba viatu, anakimbizana na kuku. Naombeni mliopita hapa mnieleze yenu yaliendaje, mazuri na mabaya.

Baba Tiger, Jinja
Pole mama. Wangu alikuwa hivyohivyo, gredi ya 1 daktari alitafuta mpaka akasema nyamazeni wote humu ndani ndio akausikia. Miezi minne ulikuwa umepotea. Sasa ana miaka 5 analinda geti. Usimrudishe.

Mwanambale
Mimi niongeze kitu ambacho huku kwetu kinasahaulika sana, damu. Mwaka juzi nilichukua watoto wawili wa mbwa kwa rafiki huko kijijini chini ya Elgon, wiki 6 hivi, manyoya mazuri, tumbo limejaa nikajua wameshiba. Nikawapa posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wetu, wanakula kidogo wanalala. Nikasema watoto wanalala, si kawaida. Siku ya nne yule mdogo akaanza kuyumba. Daktari alivyosikiliza akasema moyo una mvumo, mimi nikajua basi amezaliwa na ugonjwa wa moyo, lakini yeye akamfunua mdomo akaniambia angalia ufizi. Ndugu zangu ulikuwa mweupe kama hiyo posho yenyewe. Kinyesi cheusi kinateleza. Ilikuwa safura, ile minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu, watoto wa mbwa wanaipata hata kwenye maziwa ya mama yao, na juu yake viroboto wamejaa mpaka kwenye kwapa.

Alinieleza hivi, damu ikipungua inakuwa nyepesi, moyo nao unaisukuma kwa haraka ili itoshe mwili, maji mepesi yakipita kwa kasi yanapiga kelele kuliko uji, ndio hiyo fyuu unaisikia. Moyo hauna shida, shida ni damu. Tukawapa dawa ya minyoo, dawa ya kuongeza damu, kila jioni nakaa na kitana kwenye beseni la maji ya sabuni natoa viroboto mmoja mmoja. Yule mkubwa alipona. Yule mdogo tulichelewa, alikufa usiku wa pili, nilikuwa nimemshika. Wiki ya tano mkubwa akasikilizwa tena, mvumo hakuna.

Kwa hiyo mama Kahawa kabla ya kulia kwa ajili ya moyo, funua mdomo wa mtoto wako uangalie rangi. Na dawa ya minyoo huanza wiki 2 tu baada ya kuzaliwa, inarudiwa kila wiki 2, mama yao naye anapewa. Wengi tunangoja mpaka tuone minyoo kwenye choo na safura huioni kwa macho.

Mzee wa Bombo
Huyo wa Mbale amesema kweli tupu. Uliza pia kupe. Homa ya kupe inamaliza damu kwa siku chache.

Nyabo wa Entebbe
Nimesoma nikasita kuandika lakini umesema mabaya pia. Sisi tulikuwa na Maltizi, wa kike, mdogo wa kukaa kwenye kiganja. Kliniki ya kwanza alichomwa chanjo mara mbili na hakuna mtu aliyemwekea kitu kifuani, mtu anaandika kadi, anachoma, haya lipia pale. Nilimwambia huyu anahema sana akicheza, nikajibiwa ni joto. Miezi mitano, ndugu zake wote wamempita ukubwa, nikabadilisha kliniki, binti mmoja daktari mdogo kabisa kwa umri akamsikiliza na mimi nikaona uso wake umebadilika. Akachukua mkono wangu akauweka ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Kulikuwa kunatetemeka, kama simu inaita mfukoni. Akasema mvumo ukifika gredi ya 5 unaushika na mkono kabisa. Na haukuwa wa fyuu na kupumzika, ulikuwa hauachi, kama mashine ya kusaga mahindi ukiisikia kutoka nyuma ya ukuta.

Kumbe mtoto akiwa tumboni kuna mshipa mdogo unapitisha damu pembeni ya mapafu kwa sababu hapumui bado, akizaliwa unatakiwa kujifunga wenyewe ndani ya siku chache. Wa kwetu haukujifunga. Damu inazunguka inarudi kwenye mapafu na upande wa kushoto wa moyo unafanya kazi mara mbili. Na huo, jamani, ndio ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa unaoweza kutengenezwa ukapona kabisa, wanaufunga kwa upasuaji au kwa kifaa kidogo kinapitishwa kwenye mshipa wa paja, na mbwa anaishi umri wake. Ila ufanyike mapema kabla moyo haujachoka. Bila hivyo wengi hawamalizi mwaka. Sisi tulianza kuulizia Kampala, tukaulizia Nairobi, tunatafuta hela, yeye akaanza kukohoa usiku na maji yakajaa kwenye mapafu. Alikufa akiwa na miezi 9. Sikuandika hapa kukutisha mama Kahawa, gredi ya 2 ya wiki 7 si huo wetu. Naandika kwa yule anayesoma ambaye mtoto wake hajawahi kusikilizwa. Omba. Sema daktari tafadhali msikilize moyo, pande zote mbili.

Mama Kahawa, Kira
Bambi, pole sana nyabo. Nimesoma mara mbili. Ufizi wa Kahawa nimeangalia ni wa pinki, nimeufinya na kidole unarudi rangi haraka.

Rotiwaila Namugongo
Mimi nafuga na nauza, na nitasema ukweli hata kama utaniharibia. Kuna mvumo ambao haupo kwenye wiki 8 unakuja baadaye. Kwa Rotiwaila, Boksa, Goldeni, hata Shepadi, kuna njia ya damu inayotoka moyoni inakuwa nyembamba chini kidogo ya mlango wake, na jinsi mbwa anavyokua ndio inazidi kubana, mpaka karibu mwaka mmoja. Nilimuuza dume mmoja mzuri sana, kadi yake safi, miezi 7 mwenyewe ananipigia amezimia akikimbia mpira. Walipompima na ultrasaundi ya moyo ikaonekana. Alikufa ghafla kwenye uwanja wa nyumba, mwenyewe yuko hapo anaangalia.

Nilirudisha hela, lakini hilo si jambo. Jambo ni kwamba hiyo inarithiwa. Mama yake nimemtoa kwenye uzazi, baba yake nilimwambia mwenyewe asimpandishe tena, alikasirika mpaka leo hatusalimiani. Kwa hiyo mama Kahawa, hata mvumo ukiisha wiki 16, siku ya kumfunga kizazi waambie wamsikilize tena kabla ya dawa ya usingizi. Na kama hautaisha, au ukipanda gredi, usikae unarudia stethoskopu tu, tafuta ultrasaundi, sikio linajua kuna kelele lakini halioni inatoka wapi. Kelele kubwa si lazima ugonjwa mkubwa, kitobo kidogo kwenye ukuta wa moyo kinaweza kupiga kelele sana na mbwa akazeeka vizuri.

Mhudumu wa mifugo, Gulu
Nimefanya kazi na madaktari miaka mingi, niongeze la upande wetu. Mtoto wa mbwa akiwa ametoka kwenye boda, anatetemeka, analia, anahema, hapo husikii kitu au unasikia kila kitu. Mkifika kaeni naye kwenye mapaja dakika kumi atulie. Tukisikiliza, mkono mwingine tunauweka ndani ya paja kwenye mshipa, tuone kama mapigo ya hapo yanafuatana na moyo na kama yana nguvu ya kawaida. Mwenye mbwa anatusaidia kwa vitu vya nyumbani, anakua sawa na ndugu zake? Anakaa chini katikati ya mchezo wakati wengine wanaendelea? Ulimi umewahi kuwa wa bluu? Mhesabu akiwa usingizini mzito, pumzi zikipita 30 kwa dakika kila siku, mlete bila kungoja tarehe ya kadi. Na gredi iandikwe kwenye kadi, na upande, maana ukija wiki 16 ukamkuta daktari mwingine atajua alinganishe na nini.

Mama Kahawa, Kira
Wadau nimerudi, nimetoka kliniki sasa hivi. Wiki 12 ulikuwa gredi ya 1, sikuandika kwa sababu niliogopa kushangilia mapema. Leo ametimiza wiki 16, kilo 9 na nusu. Tulikaa kwenye benchi nje dakika kumi kama ulivyosema ssebo wa Gulu, akalala kwenye mapaja ya kijana wangu kabisa. Daktari alisikiliza kushoto, kulia, akarudi kushoto, muda mrefu, mimi nimeshika mkoba tu. Alafu hakusema kitu, akaivua ile mipira akamvalisha kijana masikioni.

Kijana akafumba macho. Akasema, mama, tu-ta.

Mpenda Mbwa, Busia
Nimelia hapa dukani. Wangu anaenda kesho mara ya kwanza, ana wiki 8, nitamwambia daktari amsikilize. Ufizi nimeangalia usiku huu kwa tochi ya simu na naona kama umepauka kidogo, au ni taa?

Mwanambale
Usitumie tochi, angalia asubuhi nje kwenye mwanga. Na usingoje mchana, uwe mlangoni wakifungua.