Kazi nakaimu mimi, cheo kapewa mwingine. Mabosi wanawake mlipitaje hapa?

MamaKulwa
Wakuu habari za jioni. Niko taasisi moja ya fedha hapa Dar, nakaimu umeneja wa kitengo muda mrefu sasa, ripoti za bodi naandaa mimi, malengo tumevuka, halafu wiki hii nafasi kapewa kaka mgeni kabisa na mimi ndo naambiwa nimwelekeze kazi 😂 Bosi eti "tulikuonea huruma, umetoka uzazi juzi na hii nafasi ina safari za mikoani". Nilikataa safari lini? Hata kuniuliza hawakuniuliza. Nikomae au nihame?

Mzee wa HR
Pole dada. Hiyo huruma ndo ubaguzi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 imetaja jinsia, ujauzito na majukumu ya familia, na upandishaji vyeo umo. Anza na malalamiko ya maandishi hapo ofisini ila usilale, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) mgogoro kama huu una siku 60 tu za kuufikisha. Barua ya kukaimu unayo? Posho je?

Chuma cha Pua
Mnalalamika nini, rais mwanamke, spika alikuwa mwanamke. Field wenyewe hamtaki

Binti Mhasibu
@Chuma sasa rais ndo anagawa vyeo ofisini kwao? Tatizo linaanza mbali, sisi tunapangwa HR, mawasiliano, huduma kwa wateja, wakati mabosi wakubwa wanatoka fedha, mikopo na uendeshaji. Ruth Zaipuna kabla hajawa mtendaji mkuu NMB 2020 alikuwa mkuu wa fedha palepale, hakutokea mapokezi. Halafu kuna vile vikao vya nyama choma Ijumaa usiku, majina yanapitishwa huko wewe uko home unanyonyesha, Jumatatu mnaitiwa usaili wa geresha. MamaKulwa, ATE (Chama cha Waajiri Tanzania) wana programu ya Female Future ya kuandaa wanawake kwa uongozi na bodi, ila mwajiri ndo anakulipia, kwa hiyo omba kwa barua wakikataa nayo iwe ushahidi.

Chuma cha Pua
Hapo kwenye nyama choma umeongea ukweli, nimeshuhudia

MamaKulwa
Asanteni. Barua ninayo, posho walilipa mwanzoni ikakata kimya kimya. Mzee wa HR nakuja PM, nikuonyeshe hiyo barua kabla sijaandika chochote.