Naomba ushauri: nimepiga polishi boneti kwa mashine, imebaki na ukungu

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wazoefu wa kupiga polishi rangi ya gari. Gari ni nyeusi, jua likipiga boneti unaona mikwaruzo midogo midogo kama utando wa buibui, ile inayoletwa na kuosha kwa tambara chafu. Nimechukua mashine ile inayozunguka huku inatikisika, sio ile ya kuzunguka tu maana hiyo inachoma rangi fasta, nikaosha gari vizuri nikabandika tepu kwenye kingo na plastiki, nikajaribu kaeneo ka nusu mita hivi kwa kompaundi kali (dawa ya kusugua rangi) na sponji ngumu. Mikwaruzo mingi imetoka kweli na nimefurahi sana, ila nikimulika tochi naona ukungu mweupe mweupe na haufutiki kwa kitambaa.

Hapo nirudie na sponji laini na polishi laini, au shida ni spidi na ninavyogandamiza? Na nitajuaje klia (lile tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda rangi ya gari) iliyobaki inatosha, maana kawaida ni mikroni 40 hadi 50 tu na kipimo sina? Milango sigusi mpaka nielewe hili. Asanteni sana.