Naomba ushauri: kumpeleka mama kisiwa cha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa nane nataka kumpeleka mama Unguja, tutoke Mji Mkongwe kwa boti na mtembeza wageni, akaone kobe wakubwa wa Changuu na akanyage mchanga wa Nakupenda. Ametamani safari hii muda mrefu. Lakini magoti yanamsumbua na hajui kuogelea.

Wasiwasi wangu ni bahari. Wakati huo upepo wa kusi unavuma, na lile fungu ni mchanga mtupu usio na mti hata mmoja. Maji yakijaa linafunikwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hutoka asubuhi, kama saa nne hivi, kwa hiyo naona ni bora tuanzie Nakupenda, Changuu baadaye. Au mnashauri tusubiri maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana, mkondo upoe? Kwangu usalama wake uko mbele ya picha nzuri.

Na boti za pale Forodhani zina ngazi, au mtu anapandia majini? Jaketi za kujiokolea zinatosha? Mliokwenda na wazee, mlikodi boti nzima au mlichanganyika na wengine, na mlilipa kiasi gani pamoja na kiingilio cha Changuu?