Jerbera, wedelia au alizeti pori: nipande lipi kwenye mteremko wa mawe hapa Mwanza?

Mteremko_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Nyegezi, mteremko mtupu, udongo wa luseni, yaani wa kichanga, juu ya majabali. Mvua ikipiga, mchanga wote unashuka hadi mlangoni kwa jirani. Natafuta maua ya jamii ya alizeti yanayodumu, nisipande upya kila msimu. Kitaluni nimeonyeshwa matatu: jerbera, wedelia, na yale marefu ya njano yanayoota kando ya barabara, muuzaji anayaita "alizeti ya kudumu". Jerbera nimepanda mara mbili, karibu zote zimeoza katikati. Imebaki moja tu. Naombeni ushauri.

MamaKijani_Ilemela
Pole, mwanangu. Hiyo "alizeti ya kudumu" ni alizeti pori, Tithonia diversifolia, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Usitoe hela. Omba kwa mwenye ua wa alizeti pori, kata pingili za shina lililokomaa, urefu wa kiganja hadi kiwiko, uzichomeke vuli ikianza. Zitashika.

Ili usiuziwe nyingine, tazama jani: lina ncha tatu hadi tano kama vidole vilivyokunjuliwa. Kisha papasa bua chini kidogo ya ua. Limevimba, na ukilipasua ni tupu ndani. Ua likiwa la rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, huyo ni ndugu yake wa msimu mmoja, atakufa akishatoa mbegu.

Jabali_Igogo
Mama yuko sahihi, ila kwa mteremko alizeti pori peke yake haitoshi. Inasimama mita mbili, tatu, huku chini yake udongo uko wazi. Mimi nilipanda wedelia kati ya mawe mawili nyuma ya nyumba. Inatambaa, na kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Juzi nilivuta uzi mmoja wa kama mita moja, ukatoka na vibonge vya mchanga kwenye vifundo kama shanga. Majani yake yanang'aa, yanakaa mawili mawili yakitazamana, na ua ni dogo, upana wa sarafu. Mvua za masika zilizopita sikuzoa mchanga hata mara moja.

Mwalimu_Buhongwa
Mkuu Jabali, hapo lazima niseme. Wedelia imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Kipande chenye kifundo kimoja tu, ukikitupa korongoni, mvua inakisomba kuelekea ziwani na kinaota huko. Sisi wa ziwani tumeshaonja magugu maji, tusiongeze jingine. Ukiipanda, izungushie mawe, punguza kingo kila mwezi, na masalia yakaushe juani hadi yakatike yenyewe, kisha uyachome.

Alizeti pori nayo husambaa kwa mbegu, kwa hiyo ikate maua yakianza kunyauka. Majani usiyatupe! Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulikuta majani yake makavu yana naitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu takriban asilimia 4. Yafukie kwenye mashimo ya mchicha, utaona tofauti.

MamaKijani_Ilemela
Naafiki. Mwanangu, kwenye jerbera hujatuambia uliifukia kiasi gani. Ile kwao ni Afrika Kusini, na haina shina la kuonekana: majani yote yanachipua kwenye moyo mmoja usawa wa udongo. Moyo ukifunikwa, maji yanakaa, unaoza. Hapo kwako mchanga unashuka na kuufunika hata kama ulipanda vizuri. Iweke kwenye chungu chenye matundu, mchanga na mboji, moyo ukae juu ya udongo kidogo. Mwagilia asubuhi, pembeni.

Mteremko_Nyegezi
Mama, nimetoka kuichimbua ile iliyobaki sasa hivi kwa tochi. Moyo ulikuwa chini vidole viwili, majani ya nje yameteleza mkononi kama mlenda, ila katikati kuna chipukizi moja gumu, la kijani. Nimeihamishia kwenye ndoo niliyotoboa. Wedelia nitaiweka kati ya majabali mawili ya juu tu, mbali na korongo, na pingili za alizeti pori nitachomeka mpakani Oktoba. Mwalimu, jirani yangu ana mbuzi wanaoingia hadi ndani. Wanazila hizo pingili?

Mwalimu_Buhongwa
Wanazila. Zizungushie miiba mpaka zichipue vizuri.