Naomba ushauri: mwili unachemka kabla sijajibu kwenye vikao vya familia

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, hasa kwa wanasaikolojia na waliozoea kusuluhisha watu.

Tangu tuanze vikao vya kugawana shamba la marehemu baba, kaka yangu mkubwa akianza tu kuzungumza, taya zangu hubana, viganja hutoka jasho la baridi na moyo hudunda hadi nausikia masikioni. Punde sauti yangu hupanda, na hoja niliyokuja nayo, hata ikiwa ya haki, hupotea. Hospitali walinipima presha na moyo wakaona sina tatizo. Nimejizoeza kuvuta pumzi na kuitoa polepole zaidi, maana kuitoa kwa muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo, na nyumbani inanisaidia. Kikaoni, adrenalini (homoni ya taharuki) ikishapanda, siwezi hata kukumbuka kupumua hivyo. John Gottman, mtafiti wa Marekani wa migogoro ya ndoa, hupendekeza mapumziko ya angalau dakika 20 ili mwili utulie, lakini mbele ya baba wadogo na shangazi, mdogo kunyanyuka wakati mkubwa anazungumza ni utovu wa adabu (na kwetu hilo halisahauliki).

Je, kuna dalili inayotangulia kubana kwa taya ambayo naweza kujifunza kuitambua, na nifanye nini nikiwa nimeketi bila watu kugundua? Pia, mapumziko niyaombe mwenyewe, na kwa maneno gani, au nimwombe mapema mjomba anayeongoza kikao ayatangaze yeye? Kikao kijacho ni Jumamosi.