Mzee wetu wa Berlin jana kanivua nguo mbele ya mjusi. MJUSI WETU WENYEWE!

MwanaMingoyo:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka vumilieni.

Jina simtaji, mnamjua. Yule asiyeweza kukuomba chumvi bila kukukumbusha kwamba yupo Berlin tangu ukuta haujaanguka. Kila harusi yeye mshehereshaji, kila msiba yeye mshika daftari la michango. Huyo huyo.

Jana ulikuwa ule usiku mrefu wa makumbusho, tiketi moja unazurura majumba kibao kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane usiku. Kajiteua kiongozi wa msafara. Mimi shida yangu ilikuwa moja tu, nifike Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe, nikamuone mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa mifupa aliyechimbwa kwetu Lindi enzi za Mjerumani, niliyemsikia tangu natambaa. Yeye katupeleka kwanza kwenye vyungu vya Wagiriki, eti anajuana na mlinzi. Mlinzi hata hakumtazama.

Kwa mjusi tumefika usiku mnene, foleni unaweza kuotea mvi. Naingia, nainua shingo, mita 13 na ushee kwenda juu! Machozi yakanilenga. Mama mmoja wa Kijerumani na wanawe wakaniuliza natokea wapi. Nafasi yangu pekee ya kuwa mtu wa maana Ulaya hii. Nafungua mdomo niseme Lindi, mzee kakohoa. Kanisogeza kwa KIWIKO. Halafu kwa Kijerumani, kwa sauti ile ile ya harusini: "Huyu ni wa huko. Babu zake walikuwa wamelala, mjusi mzima akabebwa."

Ukumbi mzima kicheko. Mama yule kacheka. Watoto wamecheka. Mjusi mwenyewe naapa nilimuona anabana meno.

WAMELALA! Kazi ile ilikwenda kuanzia 1909 mpaka 1913, Majimaji imeisha juzi tu, njaa imemaliza watu, na mamia ya watu wetu wanachimba na kubeba mifupa kichwani, kwa miguu, siku na siku mpaka bandarini Lindi. Waliolala ndio waliobeba? Halafu kiwiko! Mbele ya watoto wa watu!

Ngosha_Mkweche:
Uzi bila picha ni batili. Tunataka picha ya kiwiko.

BintiSomanga:
Kwa hiyo kizee cha tangu ukuta kimekusukuma ukasukumika? Hapo mjusi alikuwa anakucheka wewe, mkuu.

Kibandiko:
Nimekaa paleee.

MwanaMingoyo:
@BintiSomanga hukuwepo. Kile si kiwiko, ni mtalimbo. Na yule mama alicheka!

ShemejiWaWote:
Wewe una nafuu. Mimi kwenye harusi yangu huyo huyo alimtangaza bibi harusi kwa jina la mke niliyemwacha. Mara mbili. Mpaka leo nalalia kochi.

Kibandiko:
😂😂 Kumbe ni wewe! Nilikuwepo, pilau haikutosha.

ShemejiWaWote:
Haikutosha kwa sababu mlikuja na mabakuli.

Mzee_Wa_Kumbukumbu:
Mngemjibu kwa jina moja tu: Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru. Wajerumani wenyewe walimtegemea.

MwanaMingoyo:
Jina limenijia nikiwa ndani ya treni ya U6 narudi nyumbani. Nimelipiga kelele humo humo, watu wakahama behewa.

Mkalenga:
Watu wa kusini kulialia. Sisi fuvu la Mkwawa tulilidai na mwaka 1954 likarudi, lipo Kalenga. Nyie kutwa viwiko.

BintiSomanga:
Lililetwa na Gavana Twining kutoka Bremen, nyie mlikuwa mnapiga makofi. Halafu fuvu linaingia kwenye boksi. Mjusi utampakia basi gani?

Mkalenga:
Basi lipi lipite barabara yenu ile? 2024 mvua zilipoikata hapo kwenu Somanga, tulikaa siku mbili tunakula mihogo.

BintiSomanga:
Mihogo mlipewa bure, asante hamkusema.

KoroshoDaraja_I:
Mjusi arudi afanye nini? Korosho zangu ziko ghalani, minada inapita, hela siioni. Kila nikiuliza naambiwa mfumo, mfumo. Huo ndio uzi wa kufungua, sio viwiko vya Ulaya.

Ngosha_Mkweche:
Heri yako una cha kupeleka ghalani. Pamba yangu yote imeliwa na funza.

MwanaMingoyo:
Jamani turudi kwenye mada. Babu zangu WALIKUWA WAMELALA, kasema hivyo, kwa Kijerumani!

Kibandiko:
@KoroshoDaraja_I za kubangua unazo? Kilo bei gani ikifika Dar?

KoroshoDaraja_I:
Njoo inbox mkuu. Zipo nzima na za vipande.

ShemejiWaWote:
Za vipande niwekee kilo tano, nampelekea wife labda nitarudi kitandani.