Kikundi cha familia: kumhamisha Bibi

ALHAMISI

[19:02] Dada Zuhura: Jamani, lori linafika Jumamosi saa 1 asubuhi. Nataka majina manne ya kupakia.

[19:04] Dada Zuhura: Friji izimwe kesho asubuhi, barafu iyeyuke yote, ndani ikaushwe.

[19:51] Dada Zuhura: Mbona kimya? Mmesoma watu kumi na mmoja.

[20:10] Hamisi: Friji ni ndefu, tutailaza tu.

[20:11] Dada Zuhura: Isilazwe! Mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba ya gesi, ukiwasha papo hapo kompresa inakufa. Ikishindikana kabisa, ikifika isimamishwe saa 24 ndipo iwashwe.

[20:15] Mama Mdogo: Kama ile nyingine. Mimi sijasahau.

[20:16] Hamisi: Mama Mdogo, hilo si lilikwisha?

[20:16] Mama Mdogo: Lilikwisha kwenu.

[20:20] Idi: Mimi najitolea kubeba mito 😂

[20:21] Salma: Tafuta msaidizi, utaumia mgongo 😂😂

[20:24] Dada Zuhura: Mashine ya kufulia! Boliti 4 za usafiri zinazofungwa nyuma ziko wapi? Bila hizo pipa la ndani linayumba njiani, springi zinang'oka. Maji yaliyobaki myatoe kwenye chujio la chini.

IJUMAA

[06:15] Salma: Nimeona boliti tatu.

[06:40] Babu: Nimesoma yote. Kitanda cha bibi yenu kipakiwe mwisho ili kishuke kwanza. Hatalala chini hata usiku mmoja. Na habari ya friji ile sitaki kuisikia tena.

[06:52] Mama Mdogo: Sawa, Baba.

[06:53] Hamisi: Sawa, Babu.

[07:05] Dada Zuhura: Skrubu za kitanda zitiwe mfukoni, mfuko ufungwe kwenye ubao wa kichwani. Vitabu viende kwenye maboksi madogo, boksi kubwa litapasuka chini. Sahani zipangwe wima, zikilala zinavunjana. Vizito vitangulie, viegemee mbele, nyuma ya kibanda cha dereva. Mtungi wa gesi regyuleta itolewe, usafiri wima gari la wazi.

[21:47] Mjomba: Ndiyo naona sasa. Lori ni Jumapili?

[21:48] Dada Zuhura: Kesho, Mjomba!

[21:55] Hamisi: Friji ina upana wa sentimita 70. Mlango wa kule je?

[21:56] Dada Zuhura: Salma, si ulisema umepima?

[22:20] Salma: Nilipima dirisha, dada. Kwa mapazia. Nitampigia mwenye funguo asubuhi.

[22:21] Dada Zuhura: Asubuhi saa ngapi? Na majina bado ninayo mawili.